Wazazi wanasema nasilimisha watoto wao kwa somo la historia

Mshauri, jambo na pole na kazi.

Nafundisha Historia na Elimu ya Uraia na Maadili katika shule moja ya serikali hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Shule yetu haiko chini ya kanisa lolote. Kilasi changu cha nane kina wanafunzi 58, na 11 kati yao ni Waislamu. Muhula uliopita kulitokea ugomvi uwanjani. Mtoto mmoja aliitwa «ADF», jina la kundi lenye silaha la mashariki, kwa sababu ya kofia aliyorudi nayo kutoka sala ya Ijumaa. Akajibu kwa ngumi, na wote wawili wakarudishwa nyumbani siku tatu. Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu, aliona adhabu peke yake haitoshi. Akaniomba niandae masomo matano ya dakika 50: Uislamu ulikotoka, wanachoamini Waislamu, ulivyofika Kongo, Waislamu wa Kongo wa leo, na mwisho tofauti kati ya dini na kundi lenye silaha. Aliniambia: «Fundisha tu kama unavyofundisha ufalme wa Waluba.»

Nilianza na la tatu kwa kuwa ni historia niliyoizoea. Zanzibar, Tabora, Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hadi Kasongo na Nyangwe. Ubaoni niliandika Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, pembe za ndovu, watumwa, na vita vya 1892 hadi 1894. Juma hilohilo papa mmoja Mwislamu akaja na kaye (daftari) ya binti yake mkononi. Hakufoka. Aliniuliza: «Mama Mwalimu, katika ukurasa mzima umeona pembe na minyororo tu? Sisi ndio hao?» Akapendekeza masomo yaliyobaki afundishe ustadhi wa msikiti wao.

Siku mbili baadaye wakaja mama watatu pamoja na papa mmoja wa kamati ya wazazi. Wao walikuwa wameona karatasi niliyowapa watoto wainakili nyumbani kwa ajili ya somo litakalofuata, yenye nguzo tano za Uislamu, na juu kabisa shahada, tamko la imani ya Kiislamu, kwa maandishi ya Kiarabu na tafsiri yake. Walisema nawasilimisha watoto wao. Mmoja akasema watoto wao watatoka nje saa yangu ikifika. Papa wa kamati akamalizia: «Usisahau nani anakulipa.»

Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu, kwa sababu alisema kweli. Mimi ni NU, nouvelle unité. Serikali bado haijaniingiza kwenye listi ya mishahara, nakula primu inayotoka kwenye malipo ya wazazi.

Nyumbani pia hakuna pumziko. Naongoza kwaya, na habari zimemfikia mchungaji. Ameniambia kinywa kimoja hakiwezi kumsifu Yesu Jumapili na kumweleza Muhammad Jumatatu. Mume wangu anasema tu nisigombane na kamati. Mimi sioni kama ninakana imani yangu, lakini usiku swali linanirudia.

Bwana Prefe anataka fishi, yaani maandalizi, za masomo yaliyobaki juma lijalo. Naona njia tatu: nikatae, nimwachie ustadhi, au niendelee kana kwamba sikusikia kitu. Nishike ipi?

Mama Mwalimu, Katuba

JIBU

Mama Mwalimu, asante kwa kuandika kwa urefu, na kwa kututajia hata vichwa vya masomo. Ningependa tuanze hapo hapo. Nikikusoma, naona maswali matatu yaliyokujia juma moja na kwa hiyo yakaonekana kama swali moja. Kuna la mwalimu: somo hili lifundishweje. Kuna la mfanyakazi: nani anaweza kuninyima chakula. Na kuna la Mkristo: je, kueleza dini ya mwingine ni kuikubali? Hayana dawa moja. Nitalikalia zaidi lile la mwalimu, maana ndilo lililo mikononi mwako kuanzia kesho asubuhi.

Unasema pande mbili zinapinga somo. Je, ni hivyo kweli? Yule papa Mwislamu hakukuomba uache kufundisha. Alilalamikia ukurasa mmoja. Wale mama nao walikuja na karatasi moja. Huenda wapo wanaotaka neno Uislamu lisitajwe kabisa shuleni, na hao hutawapata kwa fishi nzuri. Lakini kabla ya kuwahesabu wote humo, angalia hicho walichokionyesha kwa kidole. Pande zote mbili zimekuletea maandishi ya darasani, hazikukuletea hoja za dini.

Kuhusu karatasi ya shahada, si wewe wa kwanza. Desemba 2015, katika wilaya ya Augusta, jimbo la Virginia kule Marekani, mwalimu wa jiografia aliwapa wanafunzi kazi ya kuiga mwandiko wa Kiarabu ili waone ugumu wake. Maneno ya kuiga yalikuwa shahada. Hakuna aliyeambiwa ayatamke wala ayatafsiri. Hata hivyo ghadhabu ilipanda mpaka shule za wilaya nzima zikafungwa tarehe 18 mwezi huo, na wakuu wakasema safari nyingine utatumika mfano usio wa dini. Kosa lilikuwa dogo na linaeleweka: kwa Mwislamu shahada ni tamko la kuingia katika dini. Mtoto akiinakili kwa mkono wake, mzazi haoni zoezi la kuandika, anaona mwanawe akitia sahihi.

Kesi ya pili inafundisha zaidi. Katika shule moja ya sekondari jimbo la Maryland, wanafunzi walijaza nafasi zilizoachwa wazi kuhusu nguzo tano, shahada ikiwemo. Familia moja ilishtaki. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa iliipa shule haki, kwa sababu karatasi ilipima kile mtoto alichoelewa na haikumtaka aungame kitu. Lakini ndani ya somo hilohilo kulikuwa na sentensi iliyosema imani ya Waislamu wengi ina nguvu kuliko ya Mkristo wa kawaida, na mtaalamu wa mitaala wa wilaya hiyo mwenyewe alikiri kwamba sentensi ile haikufaa. Sheria zao si zetu, ila mstari wanaouchora unasaidia popote. Tangu hukumu ya Mahakama yao Kuu ya 1963, shule ya umma haiongozi sala wala usomaji wa ibada, lakini inaruhusiwa kufundisha juu ya dini kama sehemu ya elimu.

Kwa fishi yako, hilo linashuka hadi kwenye kitenzi. «Mungu alimteremshia Muhammad Kurani» ni sentensi ya msikitini. «Waislamu wanaamini kwamba Mungu alimteremshia Muhammad Kurani» ni ya darasani. «Muhammad alijidai mtume» si ya darasani wala ya msikitini, ni ya ugomvi. Kuwa mwangalifu zaidi na mtihani, maana kwenye mtihani ndipo walimu wengi wazuri huteleza. Ukiuliza «Mtume wa mwisho wa Mungu ni nani?» umemlazimisha mtoto wa Kipentekoste achague kati ya pointi na imani yake. Uliza: «Kulingana na Waislamu, Muhammad ana nafasi gani miongoni mwa manabii?» Ujuzi unaopimwa ni uleule. Tarehe hazina shida: Hijra mwaka 622, kifo cha Muhammad 632. Wala nguzo tano hazina shida zikielezwa kama mambo wanayoyafanya watu fulani: wanatamka shahada, wanaswali, wanatoa zaka, wanafunga Ramadhani, na mwenye uwezo anaenda kuhiji Makka. Kuzieleza ni elimu. Kuigiza kusujudu mbele ya kilasi, kumvika mtoto Mkristo hijabu ili «ajaribu», au kuimba adhana, hapo umeshavuka. Na usiwaambie watoto wachore picha ya Muhammad. Waislamu wengi hawapendi achorwe, utakuwa umewakosea upande ule uliodhani unaupendeza.

Kisha wale 11. Mwalimu mwenye nia njema humgeukia mtoto na kusema, «Amina, wewe Mwislamu, tuambie.» Amina ana miaka kumi na mitatu. Labda hajui jibu, labda kwao hawaswali, labda tangu ule ugomvi wa uwanjani anataka siku ipite bila yeyote kukumbuka dini yake. Akijitolea mwenyewe, sawa. Asipojitolea, mwache awe mwanafunzi kama wenzake 57.

Sasa ukurasa wa yule papa. Ulichoandika si uongo, na sikushauri ukifute. Biashara ya watumwa ilikuwepo na ilikuwa ya kikatili. Tarehe 15 Julai 1871 msafiri Mwingereza Livingstone alishuhudia watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Mtoto wa Kongo, Mwislamu au Mkristo, ana haki ya kulijua hilo. Lakini papa anauliza jambo halali: je, ukurasa umeishia hapo? Tippu Tip huyohuyo, mwaka 1887, alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Miaka michache baadaye Leopold akatumia vita dhidi ya biashara ya watumwa kama sababu ya kuwaondoa wafanyabiashara hao, huku utawala wake mwenyewe ukiwalazimisha watu kukusanya mpira kwa mateso. Ukiviweka vitu hivyo ubaoni pamoja, mtoto haoni tena «Waislamu wabaya, Wazungu wakombozi». Anaona watu wawili wenye nguvu wanaogombania bonde la mto. Ongeza pia kwamba Uislamu wa Maniema, eneo la Kasongo na Nyangwe, haukubaki kwa Waarabu. Wakongo wenyewe waliushika, wakaufundisha watoto wao, wakapanda mpunga, na Kiswahili kikasambaa kwa njia zilezile za misafara. Nusu ya ubao inakutosha.

Kuhusu ADF, ningekuomba ufikirie mpangilio. Bwana Prefe ameliweka mwisho. Kitu cha mwisho ndicho kinachobaki kichwani, na watoto watatoka kwenye masomo matano wakikumbuka bunduki. Likiwa la nne, na Waislamu wa Kongo wa leo wakawa wa tano, hesabu inabadilika. Mambo ya kusema ni machache na ya wazi. Kundi hilo lilianzia Uganda katika miaka ya 1990, limeua raia wengi huko Beni na Ituri, na baadaye likajifunga na lile linalojiita Dola la Kiislamu. Sema pia kwamba Mei 2021, mjini Beni, maimamu waliokuwa wakilipinga hadharani waliuawa, mmoja wao ndani ya msikiti wakati wa sala. Sidhani mtoto akishalijua hilo atamwita mwenzake «ADF» kwa wepesi uleule.

Tuje kwenye njia zako tatu, ingawa nadhani ni zaidi ya tatu.

Kukataa unaweza. Ukikataa, sema sababu iliyo ya kweli. Ukisema «dhamiri yangu hainiruhusu» ilhali sababu ni woga wa kamati, utakuwa umempa mchungaji ushindi ambao wewe mwenyewe huamini, na mwakani utaombwa ukatae kitu kingine kwa hoja hiyohiyo. Hatari nyingine ni nani atachukua nafasi. Kama ni mwenzako asiyejali, wale 11 watalipa.

Kumwachia ustadhi kunavutia, kwa sababu anajua dini yake kukuzidi. Lakini kazi yake ni kulea waumini, na hakuna haki ya kumlaumu akifanya kazi yake. Siku ileile wachungaji wa mtaa nao watadai saa nne za kwao, na Bwana Prefe hatakuwa na jibu. Kuna njia ya kati: ustadhi aisome fishi yako kabla ya somo na akuonyeshe makosa ya ukweli, siyo ya mtazamo. Au aje mara moja ajibu maswali ambayo watoto wameyaandika na wewe umeyachuja, ukiwa umesimama darasani muda wote. Kama atakuja yeye, mzazi Mkristo ataomba mchungaji aje pia. Uwe tayari kwa hilo kabla hujamwalika.

Kuendelea kana kwamba hukusikia kitu ndiyo njia ninayoiogopa zaidi kwa mtu mwenye hali yako ya kazi, ingawa walimu wenye matrikuli na mishahara huishika bila taabu.

Ya nne: somo liingie ndani ya mlolongo mpana zaidi, imani za Wakongo. Dini za mababu, Ukatoliki na Uprotestanti, kanisa la Simon Kimbangu lililoanzia kwenye mahubiri yake ya 1921, na Uislamu. Kwa hesabu ya dakika utahitaji masomo manane au tisa badala ya matano, kwa hiyo utamwomba Prefe muda. Faida yake ni kwamba swali la «kwa nini Uislamu tu?» linakufa. Hasara yake ni kwamba ugomvi uliotokea ulikuwa juu ya Waislamu, na ukiwafunika kwa wengine wote yule mtoto wa kofia anaweza kuona shule imemkwepa.

Na kuwatoa watoto nje? Katiba yetu inampa mzazi haki ya kuchagua malezi ya mwanawe, kifungu cha 43. Pia inasema serikali haina dini, kifungu cha 1, na inalinda uhuru wa dhamiri, kifungu cha 22. Kwa hiyo wale mama hawaongei hewani, wala wewe hufanyi uasi. Ila mtoto akitoka, nani anamsimamia? Anapewa kazi gani mbadala, na pointi zake zinatoka wapi? Na wazazi wa wale 11 wakiomba vivyo hivyo saa ya Mageuzi ya Martin Luther, utawajibu nini? Hapo niruhusu swali la pembeni. Asubuhi mnapofungua shule, mnasali sala gani, na wale 11 wanafanya nini wakati huo? Sikuulizi ili kukushitaki, hali hiyo imejaa katika shule nyingi za serikali. Nauliza kwa sababu wazazi wanaosema «dini isiingie shuleni» labda hawajaiona ile iliyokwisha kuingia.

Hata historia ya shule zetu haiko mbali na swali hili. Wakati wa Wabelgiji elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na shule za serikali zisizo za dini zilipata nguvu tu kuanzia 1954, wakati wa waziri Auguste Buisseret. Mwaka 1974 Mobutu akazichukua shule za makanisa, na 1977 makanisa yakarudishiwa usimamizi kwa mkataba. Waislamu wakapata mtandao wao wa shule baadaye. Familia ya Kiislamu inayomleta mtoto kwenu Katuba mara nyingi imechagua shule ya serikali kwa sababu hiyo hiyo ambayo wazazi wengine wanaiogopa: kwamba haina mwenyewe.

Kuhusu kazi, nitakuwa mfupi. Usikutane na kamati peke yako. Mwombe Bwana Prefe aandike agizo lake na kulitia sahihi, likitaja vichwa vya masomo, na fishi zako zipite kwake kabla hujaingia darasani. Kama inspekta anaweza kuziona, bora zaidi. Kisha Prefe ndiye aitishe wazazi, siyo wewe, na fishi zisomwe mbele yao zote tano, sentensi kwa sentensi. Watu wengi hupoa wakiona mtihani umeandikwa «kulingana na Waislamu». Prefe akikataa kuandika, utakuwa umejua jambo muhimu kuhusu nani atasimama nawe siku mambo yakiharibika, na hilo linaweza kubadilisha uamuzi wako wote. Mwalimu wa NU haombwi ushujaa ambao mkuu wake hautaki.

Limebaki la mchungaji. Sitaingia kati yako na kanisa lako. Ila nauliza: amesoma fishi, au amesikia habari tu? Mwanakwaya anayefundisha kuhusu mizimu ya mababu, na bila shaka umeifundisha katika somo la Waluba, aliwahi kuulizwa kinywa chake? Labda kuna tofauti kwake, na ni vizuri aitaje. Na wewe mwenyewe, ukiondoa sauti yake, ya mumeo na ya kamati, lile swali la usiku linabaki na ukubwa gani? Kama linabaki kubwa, ni la dhamiri, lisikilize na umwambie Prefe hivyo bila aibu. Kama linapungua hadi kuwa hofu ya watu, basi ni jambo jingine, nalo lina heshima yake pia kwa mtu mwenye watoto wa kulisha.

Juma lijalo unaweza kupeleka fishi mbili badala ya nne: ile ya historia iliyoongezwa, na ile ya nguzo tano bila karatasi ya kunakili. Hizo zitatosha kuonyesha Prefe, ustadhi na wale mama unataka kufundisha nini, na wewe utaona nani kati yao bado anapinga, na anapinga nini hasa.